Dola 60 kwenye meza za senti: shajara ya wiki 14

Wiki ya 1. Mikono 900. Mtaji: dola 64.10

Nimeanza. Pesa ya kuanzia ni dola 60, kama shilingi 7,750 hivi, nilizolipwa kwa kufufua friza ya muuza samaki hapa Mtwapa. Nimezitenga kabisa. Si za unga, si za karo, si za kununulia gesi ya friji. Zikiisha, zimeisha.

Nieleze kwanza ni poka gani, maana hapa Kenya ukisema unacheza poka mtu anadhani ni ile ya kumaliza kadi mkononi, ile ya "niko kadi!" halafu mwenzako anakuokotesha tatu. Hii siyo hiyo. Hii ni Texas Hold'em: kila mtu anapewa kadi mbili za siri, kisha mezani zinafunuliwa tano za wote. Tatu zinakuja kwa mpigo, hizo ndizo flopu. Ya nne ni tani, ya tano ni riva. Kila hatua unaweka pesa kwenye poti, lile rundo la katikati, unapita kama hakuna aliyeweka, au unatupa kadi zako. Mwishoni mwenye kadi tano bora anazoa poti. Mgao mmoja kama huo ndio mkono.

Meza zangu ni za watu sita, senti 1 na senti 2. Blaindi kubwa, yaani ile pesa ambayo mmoja lazima aitangulize hata kabla ya kuona kadi, ni senti 2. Kiingilio ni dola 2, sawa na blaindi kubwa 100. Ndiyo, senti. Za Kimarekani, lakini ni senti.

Kanuni nimeandika tatu nyuma ya daftari la kazi. Kabla sijahamia meza yoyote, mtaji uwe wa viingilio 30 vya meza hiyo. Ukifika dola 150, napanda meza ya senti 2 na 5. Ukishuka chini ya dola 30, mradi umekufa na sitaongeza hata shilingi. Hii ya tatu aliitunga mke wangu, na akasimama pale pale kuhakikisha naiandika kwa kalamu ya wino.

Wiki ya 3. Mikono 3,100. Mtaji: dola 73.20

Raha tupu. Nimepanda dola 13.20, sawa na blaindi kubwa 660, yaani blaindi 21 kwa kila mikono 100. Nikatoa kikokotoo. Nacheza meza mbili kwa pamoja, mikono kama 150 kwa saa. Hiyo inakuja blaindi 32 kwa saa, senti 64. Shilingi 83.

Chai na chapati mbili. Kwa saa nzima ya kukodoa macho, na hapo bahati yenyewe imeniegemea. Fundi ambaye kufungua tu mgongo wa friji anatoza 1,500 anakesha akitafuta 83. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini naona kwa nini nashinda, au nadhani naona. Wengi kwenye meza hizi hawatupi kadi. Wakipewa saba na mbili wanaingia, wakipata jozi ndogo kabisa ya mezani wanalipa mpaka riva. Basi kazi yangu ni kungoja kadi nzuri, kupandisha, na kuendelea kupandisha. Blafu nimeacha kabisa. Ukimtishia mtu ambaye hata hajatazama kadi zako zinaweza kuwa nini, unampigia mbuzi gitaa.

Wiki ya 4. Mikono 4,000. Mtaji: dola 63.60

Jumanne mtaji ulikuwa 75.60. Niandike yaliyotokea kama yalivyotokea, kabla sijaanza kuyapamba.

Saa nne na nusu usiku napewa ree mbili, jozi kubwa kuliko zote. Kadi hizo huja wastani wa mara moja kwa mikono 221, kwa hiyo kwa mwendo wangu ni kama mara moja kwa saa na nusu. Jamaa wa kiti cha pili akapandisha. Nikapandisha juu yake. Akamwaga zote mezani. Nikalipa kabla hajamaliza kumwaga. Akafunua kingi mbili. Babu yangu, aliyekuwa akicheza karata barazani, angeziita wazungu wa nne wawili, na angenitazama kwa huruma ambayo wakati huo sikuielewa.

Ree mbili dhidi ya kingi mbili hushinda kama asilimia 82. Flopu safi, tani safi. Riva, kingi wa uru.

Dola 2 zimekwenda. Mpaka hapo hakuna kosa. Ningerudishwa pale mara mia ningelipa mara mia. Kosa ni kilichofuata. Wachezaji wa Marekani wanaita tilti. Mimi mtu wa pwani nina neno langu: nilipandwa. Mtu akipandwa hajijui, anazungumza kwa sauti ya mwingine, na akizinduka anaulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Nilifunga meza zangu za senti 2, nikafungua meza ya senti 5 na 10, nikakaa na dola 10. Hoja yangu, nakumbuka vizuri, ilikuwa kwamba huko watu wanaheshimu kadi na hawangenilipa na upuuzi. Lakini jamaa alikuwa na kingi mbili! Upuuzi uko wapi hapo?

Dakika 11. Kwini na jeki, flopu ikaleta kwini, nikamwaga zote. Mtu akanilipa na jozi mbili kwa utulivu kama anayelipa nauli ya matatu.

Mke wangu hakuuliza kitu. Alisikia laptopu ikifungwa.

Wiki ya 6. Mikono 5,900. Mtaji: dola 59.80

Wiki mbili za kwenda mbele hatua moja na kurudi mbili. Nimerudi meza za senti 2 na sijatoka.

Nimesoma upya habari za Chris Ferguson. Huyu alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2000 kule Las Vegas, na mwaka 2006 akajiwekea jaribio la kuanza na sifuri mtandaoni, bila kuweka hata dola moja yake, akitegemea mashindano ya bure, mpaka afike dola 10,000. Alifika, baada ya mwaka na zaidi, na njiani alirudi sifuri si mara moja. Kanuni yake kubwa ilikuwa kutokaa mezani na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji. Mimi Jumanne ile nilikaa na asilimia 13.6. Bingwa wa dunia alijifunga kamba, fundi wa Mtwapa akaona yeye hana haja nayo.

Wiki ya 7. Mikono 6,800. Mtaji: dola 58.30

Umeme. Nilikuwa na saba tatu, poti senti 90, zamu yangu. Giza. Laptopu ina betri lakini ruta haina. Nikawasha intaneti ya simu, bando likaniambia limeisha. Nilipomaliza kununua jingine na kurudi mezani muda wangu ulikuwa umekwisha na kadi zangu zimeshatupwa na mashine. Tangu leo simu inakaa kando na bando ndani yake kabla sijafungua meza.

Wiki ya 8. Mikono 8,000. Mtaji: dola 52.90

Sasa niko chini ya nilipoanzia kwa dola 7.10. Swali linalonisumbua ni moja: mimi ni mchezaji mbovu, au ni mzuri aliyepitiwa na upepo mbaya?

Nikakaa na karatasi. Kwenye meza za watu sita, matokeo ya mikono 100 huyumba juu na chini kwa kipimo cha blaindi 95 hivi, kutegemea mtu anavyocheza. Ukiongeza mikono, yumbo hilo linakua kwa kipeuo cha pili, yaani mikono ikiwa mara 80, yumbo linakuwa mara 9 tu hivi. Kwa mikono yangu 8,000 inakuja blaindi 850. Dola 17.

Tuseme mimi ni mzuri, mzuri wa kweli, wa kushinda blaindi 5 kwa kila mikono 100. Kufikia leo ningetarajia kuwa juu kwa blaindi 400, dola 8. Lakini dola 8 zinazoyumba kwa 17 juu na 17 chini! Mchezaji mzuri kabisa anaweza kuwa chini kwa dola 9 leo na asiwe amefanya lolote baya. Na mbovu anaweza kuwa juu kwa dola 9, akajiona Ferguson. Zile wiki tatu za mwanzo nilizokuwa nikizipigia hesabu za chapati hazikuwa na maana yoyote. Wala hizi za sasa.

Basi nikauliza: mikono mingapi ndiyo nijue? Kwa 100,000, huyo mzuri anatarajia dola 100 na yumbo la dola 60. Hapo angalau picha inaanza kuonekana, ingawa bado kuna ukungu. Mikono 100,000 kwa mwendo wangu wa elfu moja kwa wiki ni karibu miaka miwili. Mwanangu wa gredi ya 3 atakuwa gredi ya 5.

Niliweka kalamu chini. Friji ukiitengeneza, kesho yake inagandisha au haigandishi. Mteja hasubiri miaka miwili kujua kama mimi ni fundi.

Wiki ya 9

Sikucheza. Joto limezidi na kila mtu kagundua friji yake haigandishi.

Wiki ya 10. Mikono 10,100. Mtaji: dola 55.10

Nilipata nafasi ya kuchambua kumbukumbu zangu. Natumia programu ya kurekodi mikono, ya bure kwa meza ndogo kama zangu. Nikaipanga kwa vikao badala ya kwa wiki, nikatafuta kila kikao nilichopoteza kiingilio kizima cha dola 2 kwa mkono mmoja. Viko 11. Mara 4 nilifunga laptopu. Mara 7 niliendelea.

Katika zile 7, baada ya kile kipigo cha kwanza, nilipoteza jumla ya dola 19.40, zile 10 za Jumanne zikiwamo. Ziondoe, na mtaji wangu leo ungekuwa 74.50.

Furaha ilidumu dakika tano. Ukiondoa saa zako mbaya, nani asiyekuwa bingwa? Ni kama muuza samaki anayehesabu wale tu ambao hawajaoza. Na vikao 7 ni vichache, vinaweza kuwa vibaya kwa bahati tu, kwa hesabu ile ile ya wiki ya 8. Nikarudi sifuri tena.

Halafu nikatazama namba nyingine iliyo kando. Programu inaonyesha ni asilimia ngapi ya mikono naingia kwa hiari yangu, bila kuhesabu blaindi. Kawaida yangu ni 22. Katika vile vikao 7, mikono kama 380 baada ya kipigo, ni 47.

Arobaini na saba. Karibu kila mkono wa pili. Hii haitokani na bahati, kwa sababu kadi haziwezi kunilazimisha kuingia. Pesa inahitaji mikono laki moja kusema neno. Namba hii imesema kwa mikono 380, na imesema kwamba nikishapigwa nakuwa mmoja wa wale ninaowangoja kila usiku. Niliyaandika maneno ya programu yale kwa wino, chini ya kanuni ya mke wangu, na kanuni ya nne: kiingilio kimoja kikienda, laptopu inafungwa. Bila kujali nani alikuwa na makosa. Bila "mkono mmoja tu".

Na daftari nimelibadilisha. Safu ya pesa imehamia ukurasa wa nyuma. Mbele kuna saa niliyoanza, asilimia niliyoingia, na alama ya X kwa kila mkono niliocheza vibaya.

Wiki ya 11. Mikono 11,000. Mtaji: dola 58.45

X ya wiki hii inafaa kuhifadhiwa.

Nina shupaza mbili mkononi, mezani kuna shupaza mbili nyingine, tumefika tani. Poti senti 60. Jamaa anaweka 30, na amebakiwa na senti 12 tu. Nahitaji shupaza moja zitimie tano za aina moja. Zimebaki 9 kati ya kadi 46 ambazo sijaziona, asilimia 19.6. Nalipa 30 nipate 90, kwa hiyo nahitaji kushinda angalau mara moja kwa nne, asilimia 25. Hata nikimchukua na zile 12 za mwisho bado haifiki. Hesabu hii naijua. Naifanya hata nikiwa naendesha boda.

Nikalipa. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimechoka kutupa kadi, hakuna sababu nyingine.

Riva, shupaza. Poti ya dola 1.44 ikaja kwangu, kabla ya makato ya mwenye meza. Nikaandika X.

Mkono wangu uligoma kuiandika. Jaribu uone: umeshinda, pesa inateremka upande wako na ule mlio wake, na wewe unaandika kwamba umekosea. Ree mbili za wiki ya 4 zilinitoa dola 2 na hazina X. Hizi zimenipa poti ya 1.44 na zinayo. Wiki ya 3 ningeziita ustadi. Sijui ni mikono mingapi ya "ustadi" wa wiki ile ingepata X leo.

Wiki ya 12. Mikono 12,100. Mtaji: dola 57.20

Shemeji alikuja Jumamosi, akakaa nyuma yangu kama nusu saa akinitazama natupa kadi. Yeye ni mtu wa mchezo wa ndege, ule wa kupanda na kulipuka.

"Shem, unangoja nini? Si uweke kwa ndege, dakika moja ushajua."

Nikamweleza. Ndege ni wewe na mashine, na mashine imeshapangwa ikuzidi kidogo kila mara. Hapa mashine inagawa tu, unayecheza naye ni mtu kama wewe. Pesa inatoka kwa wanaokosea zaidi kwenda kwa wanaokosea kidogo.

"Na mwenye meza?"

"Anakata kidogo. Kama asilimia 5 ya poti."

"Kila mkono?"

"Ikiisha kabla ya flopu hakati."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe unajuaje si wewe unayekosea zaidi?"

Sikuwa na jibu, na daftari lilikuwa limefunguka mbele yetu sote wawili na zile X zake. Kisha akaniomba 500. Nilimpa 200, na sote tunajua zilienda wapi.

Usiku ule nikaiuliza programu jambo ambalo sikuwahi kuliuliza: makato. Wiki hizi zote mwenye meza amechukua kutoka kwenye poti nilizoshinda dola 16.70. Mimi niko chini kwa 2.80. Ina maana wale wachezaji wenzangu nawashinda, kwa kidogo, kama bahati haijanidanganya. Kisha natoa zote na za juu kwa mtu ambaye hana kadi hata moja. Nilimwambia shemeji "kidogo". Kwenye meza kubwa makato yana kikomo kinachofikiwa haraka, lakini poti zetu za senti hazifiki kwenye kikomo chochote, tunakatwa asilimia yote kila mara. Mdogo ndiye anayekatwa zaidi. Hilo nalijua kutoka kwenye kutuma pesa kwa simu, sijui kwa nini nilidhani hapa pangekuwa tofauti.

Wiki ya 14. Mikono 14,200. Mtaji: dola 61.35

Niko juu kwa dola 1.35, shilingi 174, baada ya wiki kumi na nne. Makato yamefika dola 19.60.

Asilimia ya kuingia: 21, 23, 22, 22 kwa vikao vinne vya mwisho. X tatu Jumatatu, mbili Jumatano, moja Alhamisi. Ile moja ya Alhamisi nimeitazama mara nyingi na bado sina uhakika kama inastahili. Nimeiacha.

Leo Ijumaa nimeanza saa tatu kamili usiku. Saa tatu na dakika 18 nina kumi mbili, flopu ikaleta kumi moja pamoja na nane mbili. Kumi tatu na nane mbili, mkono ambao mtu anaomba dua aupate. Nikaweka kidogo, akapandisha, nikamwaga, akalipa haraka sana. Nane mbili mkononi mwake. Nane nne. Nilikaa naziangalia.

Hakuna X. Nimetazama mara mbili. Hakuna.

Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kuongeza dola 2 nyingine. Ilikuwa imebaki saa nzima ya kucheza, meza ilikuwa na watu wawili wanaoingia kila mkono, na nilijisikia mzima kabisa, kichwa chepesi, hasira sina. Ndivyo nilivyojisikia ile Jumanne pia, nikitafuta meza ya senti 10.

Nimefunga.

"Baba, mbona mapema leo?" mke wangu aliuliza kutoka chumbani.

"Nimepoteza mbili."

"Haya. Basi njoo tuanue nguo, mvua hiyo inakuja."

Mtaji wa leo, 61.35, nimeuandika baadaye, mikono ikiwa bado na maji.